Nyumba ya Mashavu Ndani ya Tuta

Paukwa!

Pakawa!

Sauti gani hiyo, ya watu wenye njaa? Paukwa!

Pakawa!

Anayesinzia?

Mfinyeni!

Mmemfinya? Haya. Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, tusikilizane.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakibishiana hodi na kuulizana habari za nyumbani, palikuwa na nchi iitwayo Migungani. Nchi kavu ile! Mvua ilikuja mara moja kwa mwaka, ikanyesha kwa hasira, ikaenda zake. Tembo wa kale wakaona haifai. Wakabeba udongo, wakaumwaga katikati ya korongo, wakaukanyaga. Di! Di! Di! Wakabeba tena, wakamwaga tena, wakakanyaga tena. Di! Di! Di! Likawa tuta refu, limeshika kilima huku na kilima kule. Mvua iliporudi, maji yakateremka, yakafika kwenye tuta, yakasimama. Hayakujua pa kwenda. Likawa lambo.

Na pembeni, penye mawe, tembo wakaacha mfereji, ili maji yakizidi yapitie hapo polepole yasilipande tuta.

Kisha tembo wakahama. Waliobaki wakanywa. Wakazaa, wakanywa. Watoto wao wakazaa, wakanywa. Wala hakuna hata mmoja aliyeuliza, "Hivi hili tuta lina hali gani?" Tuta lilikuwapo tu, kama kilima kilivyokuwapo. Vijiti vikaota juu yake, vikawa miti. Mfereji wa pembeni ukajaa mchanga, ukaota miiba. Watoto wakacheza humo kujificha, wakadhani uliumbwa kwa ajili hiyo.

Sasa, ndani ya tuta lile aliishi nungunungu mmoja mjane, jina lake Mashavu. Msinicheke, ndilo jina alilopewa na mamaye, maana alizaliwa nayo.

Mashavu hakuchimba nyumba ile yeye. Ilichimbwa na mumewe, Sengo. Sengo alipomwoa alimwuliza, "Mke wangu, unataka nyumba ya namna gani?"

Mashavu akasema, "Ya baridi. Mimi joto siliwezi."

Na baridi Migungani iko wapi? Juu ya ardhi haipo. Chini ya miti haipo. Ipo pahali pamoja tu, ndani ya tuta, jirani na maji. Basi Sengo akaenda upande wa bondeni, akainama, akaanza kuchimba. Na alipochimba aliimba:

*Kwaru, kwaru, udongo toka,*
*Mke wangu apate pa kulala.*
*Kwaru, kwaru, udongo toka,*
*Jua la Migungani lisimchome.*

Mwaka ule akachimba chumba kimoja. Mwaka uliofuata akaongeza kingine, ndani zaidi. Walipozaliwa watoto, Tunu na Kombo, akachimba tena, ndani zaidi. Kwaru, kwaru! Kila alipoingia ndani ndivyo baridi ilivyozidi, naye akafurahi, maana mkewe alifurahi. Chumba cha mwisho kilikuwa baridi tamu, kama umelala na shavu juu ya mtungi. Humo ndimo Sengo alimougua kifua. Humo akalala. Humo hakuamka.

Tangu siku hiyo Mashavu alikuwa na desturi yake. Kukipambazuka, akisha kuwalisha watoto na kuwalaza, aliingia chumba cha mwisho, akajilaza palepale mumewe alipolala, akampa habari.

"Kombo leo amegoma kula mizizi. Anasema michungu. Tunu ametoa mwiba wake wa kwanza mrefu, ungeuona! Anatembea kwa maringo kama bibi harusi. Mimi sijambo. Nimechoka kidogo tu."

Akisha kusema hayo, usingizi humjia.

Asubuhi moja, katikati ya kiangazi, alikuwa akitoa habari zake hivyo. Akasikia kitu.

Ti.

Akanyamaza.

Ti... ti... ti.

Akasogea ukutani, akaweka pua yake. Ukuta umelowa.

"Umande," akasema Mashavu.

Umande! Umande chini ya ardhi, jamani, mliuona wapi? Lakini Mashavu alitoka, akakata nyasi kavu, akaja kuubandika ukuta ule mpaka haukuonekana. Kesho yake nyasi zimeloa. Akatoa, akabandika nyingine. Keshokutwa vivyo hivyo. Na maji yale, alipoyaonja kwa ncha ya ulimi, yalikuwa na ladha ya udongo. Akatema. Akaketi muda mrefu anatazama nyasi zake.

"Ni umande tu, baba Tunu," akasema.

Tumwache hapo. Tushuke bondeni.

Chini ya tuta palikuwa na vichaka vizuri, na wakazi wengi: sungura, kanga, pelele, na digidigi mmoja aitwaye Mwanamize. Mwanamize alikuwa shoga yake Mashavu tangu usichana wao. Mmoja ana miiba mgongo mzima, mwingine ana ngozi nyororo na moyo mwepesi wa kushtuka. Walipendana vivyo hivyo, ila walipoketi waliacha nafasi kidogo katikati.

Kiangazi kile Mwanamize alikuwa mjamzito, na mjamzito hutamani mabichi. Siku moja akaona nyasi za kijani chini ya tuta. Kila pahali pamekauka, pale pana kijani! Wakazi wa bonde wakashangilia. "Baraka hiyo!" wakasema, wakala. Mwanamize naye akala. Lakini alipokuwa akila, kwato zake zilizama. Akatazama chini. Palikuwa na kijito chembamba, chembamba kama mkia wa panya, kinatoka ndani ya tuta. Na maji yake yalikuwa mekundu.

Mwanamize akapanda juu, akatazama lambo. Maji ya lambo wakati wa kiangazi ni meupe, unaona mpaka mawe. Akashuka, akatazama kijito. Chekundu. Akajiuliza, "Maji yanaingia meupe, yanatoka mekundu. Wekundu huu yanautoa wapi?"

Akafikiri. Akapata jibu. Na jibu likamtia baridi, maana wekundu ulikuwa ni tuta lenyewe, linatoka kidogo kidogo.

Akafuata kijito kwa pua yake. Kikamfikisha karibu na mlango wa Mashavu.

"Hodi, shoga."

"Karibu, Mwanamize. Karibu, pita. Umekuwa mzito sasa! Keti, keti hapa penye baridi."

"Sikai, mama Tunu. Nimekuja na neno, na sijui nilianzeje."

"Lianze tu. Kuna haya gani baina yetu mimi na wewe?"

Mwanamize akasema, "Tuta linavuja. Linavujia kwako. Nahofia nyumba yako imefika karibu mno na maji. Mvua zikija, lambo likijaa... Shoga yangu, huenda ikabidi uhame, ili pazibwe."

Miiba ya Mashavu ikaanza kuinuka, mmoja mmoja, ikasimama yote.

"Nihame?"

"Si mimi nisemaye, ni maji."

"Nihame nyumba aliyonichimbia mume wangu? Niache chumba alichofia, waje wakijaze tope?" Miiba ikatikisika. Chaka-chaka-chaka! "Mwaka mzima mlikuwa mkija hapa kunipa pole. 'Pole, Mashavu, pole, Mashavu.' Kumbe mnapima milango!"

"Mashavu, mimi ndiye nitakayelala chini ya maji hayo. Mimi na huyu." Akagusa tumbo lake kwa pua.

"Nenda kwako, Mwanamize."

Mwanamize akaenda. Hakugeuka nyuma, maana alikuwa analia. Na Mashavu akarudi ndani, akasimama mbele ya ukuta uliobandikwa nyasi. Ti-ti-ti-ti. Sasa ilikuwa haraka zaidi. Akaziba masikio kwa makucha.

Habari haifichiki bondeni. Habari ya nyasi zile za kijani ilimfikia Nyati, mkubwa wa Migungani, naye akaita baraza kwenye mchanga, kando ya lambo. Wakaja wote.

Nyati akasema, "Nasikia tuta linatoa maji. Nani ana la kusema?"

Ngiri akadakia. Ngiri alikuwa hodari wa kuchimba na hodari wa kusema, na hakuwa na subira katika lolote kati ya hayo. "Tuta hili limesimama tangu enzi za tembo! Likianguka leo, litakuwa limeanguka kwa maneno yenu."

Wengine wakacheka. Nyati hakucheka. Akauliza polepole, "Ndani ya tuta anaishi nani?"

Macho yote yakamgeukia Mashavu. Halafu, kwa adabu, yote yakatazama chini. Tunu na Kombo walikuwa wamejibana miguuni pa mama yao.

Nyati alikuwa rafiki mkubwa wa marehemu Sengo. Akamtazama mjane, akawatazama watoto. "Shemeji," akasema, "huko ndani kuna lolote uliloliona?"

Mashavu akafungua kinywa. Neno lilikuwa mlangoni kabisa. Akamtazama Mwanamize kule nyuma. Mwanamize naye angeweza kusema. Alikiona kijito kwa macho yake. Lakini alimwona shoga yake amesimama peke yake katikati ya macho ya watu, akamwonea huruma, akainamisha kichwa.

"Sikuona kitu," akasema Mashavu.

"Basi," akasema Nyati, na moyo wake ukapata nafuu. "Tungoje mvua zipite, tutatazama."

Wote wakapata nafuu. Wakasambaa wakiongea mambo mengine. Na ndivyo baraza zima, kwa wema wake wote, lilivyoacha maji yaendelee kula tuta.

Mvua ikaja.

Haikuanzia Migungani. Ilianzia huko milimani, mbali, mawingu yakawa meusi kama sufuria. Ngu-ru-ru-ru! Alasiri korongo likaanza kunguruma. Maji yakateremka na magogo, na majani, na mapovu. Yakaingia lambo. Lambo likapanda. Likapanda tena. Maji yakautafuta mfereji wa pembeni, njia yao ya zamani, yakakuta mchanga na miiba. Yakarudi. Yakaanza kupanda tuta.

Mashavu alikuwa chumba cha mwisho. Hakuwa akitoa habari siku hiyo. Alikuwa amesimama tu, anasikiliza. Mlio haukuwa ti-ti-ti tena. Ulikuwa chururu, chururu, chururu. Nyasi zikavimba. Zikasukumwa.

Puu!

Ukuta ukaanguka, na maji mekundu yakaingia, manene kama mguu wake.

"Tunu! Kombo! Amkeni! Nje!"

Aliwasukuma mbele yake, chumba hadi chumba, maji yanamlamba visigino. Wakatoka. Akawapandisha mbio juu ya kilima cha mawe, hakusimama mpaka walipofika juu kabisa. Akawahesabu kwa pua: wapo wote. Wamelowa, wanatetemeka, wapo.

"Mama, na chumba cha baba?" akauliza Kombo.

Mashavu alikuwa anatazama bondeni. Huko chini mvua ilikuwa bado haijaanza. Kanga walikuwa wanachakura. Sungura walikuwa wanaoga vumbi. Na chini ya kichaka kimoja, Mwanamize alikuwa amelala, anamlamba mtoto. Mtoto mpya, wa asubuhi ile ile, hata masikio hayajanyooka.

Hawajui, Mashavu akawaza. Hawajui hata kidogo.

Na wazo jingine likaja nyuma ya hilo, wazo baya, lenye sauti ndogo: ukiwaita, watauliza umejuaje. Ukiwaambia umejuaje, watajua tangu lini. Wewe na wanao mko salama. Kaa kimya.

Mashavu alisimama na wazo lile, akapumua mara moja. Kisha akawaambia wanawe, "Msitoke hapa," akateremka. Mwili wake mfupi, miguu yake mifupi, hajawahi kukimbia hivyo. Na kila alipokanyaga alitikisa miiba yote aliyopewa na Mungu. Chaka-chaka-chaka! Chaka-chaka-chaka!

"Tokeni bondeni! Tokeni! Maji yamo nyumbani kwangu! Tuta linakwenda! Tokeni!"

Kanga wakaruka, kri-kri-kri! Sungura wakatimka. Pelele wakabeba watoto. Bonde zima likapanda kilima. Isipokuwa Mwanamize.

"Nenda, Mashavu," akasema. Alikuwa mweupe machoni kwa hofu, lakini hakuinuka. "Mtoto hajasimama. Nimejaribu. Miguu haimshiki."

Mashavu angembeba, lakini angembebaje? Mgongo wake miiba. Mbavu zake miiba. Hata mkia wake miiba. Tangu kuumbwa kwake palikuwa na pahali pamoja tu palipo laini, napo ni pua. Basi akailaza miiba yake, yote, ikalala kama nyasi zilizopigwa na mvua. Akaenda nyuma ya mtoto, akaweka pua yake chini ya kimkia kile. Akasukuma, polepole.

"Inuka, mwanangu. Inuka, mtoto wa shoga yangu. Hivyo. Ukianguka utaniangukia mimi puani tu, haidhuru."

Mtoto akainuka, akaanguka. Akainuka, akayumba. Akakanyaga hatua moja, ya pili. Mama mbele anamwita kwa sauti ndogo, nungunungu nyuma anasukuma kwa pua. Hivyo ndivyo mtoto yule alivyojifunza kutembea, akipanda mlima.

Juu ya kilima kulikuwa na vurugu. Huyu analia, huyu anaita wanawe. Ngiri anapiga kelele kwamba tuondoke, tuhame Migungani kabisa. Nyati amesimama, anatazama maji yanavyopanda, hajui aanzie wapi.

Mashavu akapita katikati yao. Matope mpaka puani.

"Shemeji," akasema, "tuta halijavunjika bado. Maji yamepata tundu, nami nalijua. Yanapita chumba cha mwisho, chumba cha Sengo. Nilisikia tangu kiangazi. Nilibandika nyasi. Uliponiuliza barazani nilikudanganya."

Ngiri akafoka, "Tangu kiangazi! Ulisikia ukanyamaza, na watoto wa watu wako chini!"

"Ndiyo," akasema Mashavu. "Nilinyamaza."

Hakujitetea.

Nyati akamgeukia Ngiri. "Hayo meno yako marefu yanaweza kufukua mfereji, au yanaweza kulaumu tu?"

Ngiri akafumba kinywa. Akautazama mfereji uliozibwa na miiba. Akaenda. Lo, mwacheni Ngiri! Aliingia kichwa mbele. Fuku, fuku, fuku! Mchanga ukaruka, mizizi ikakatika, pelele na sungura nyuma yake wakaburuta matawi. Wengine wakakimbilia kichuguu, maana udongo wa kichuguu hunata kuliko wote, wakaubeba kwa mdomo, kwa kwato, kwa namna yoyote.

Na Mashavu akapanda juu ya tuta, Nyati nyuma yake na nyati wenziwe. Maji yalikuwa upande huu, karibu kabisa, yanachapa. Mashavu akatembea akinusa chini. Alikuwa anaifuata nyumba yake kutoka juu. Hapa ni ukumbi. Hapa wanalala watoto. Akasogea mbele. Akasimama.

"Ni hapa," akasema. "Mkikanyaga hapa, dari litaanguka na kuziba tundu. Mjaze udongo, mkanyage tena."

Nyati akainua mguu. Kisha akaushusha taratibu. "Shemeji... hapa ndipo?"

"Ndipo."

Nyati mzima, mwenye pembe pana namna ile, akashindwa kukanyaga. "Na mimi nikizama humo?"

"Nitasimama hapahapa na wewe. Ukizama tutazama wote. Lakini ngoja kidogo tu."

Akainama. Akaweka pua yake juu ya udongo uliolowa, kama alivyozoea kuiweka kila kukipambazuka. Wakamwona midomo yake inatikisika. Alichosema hakuna aliyekisikia, nami siwezi kuwadanganya kwamba nakijua. Kisha akainuka, akasimama ubavuni pa Nyati.

"Kanyageni."

Di!

Udongo ukatitia. Mashavu akafumba macho.

Di! Di!

Chini kwa chini kukasikika mguno, kama mtu anayegeuka usingizini. Dari la Sengo likaanguka. Mguu wa Nyati ukazama mpaka gotini, wenziwe wakamvuta, wakamwaga udongo wa kichuguu, wakakanyaga. Di! Di! Di! Miguu ikaanza kupoteana, huyu anakanyaga huyu anasimama, na maji yanachapa. Ndipo Mashavu akaimba. Sauti yake ilikuwa mbaya, Mungu amsamehe, lakini aliimba, na miguu yao ikashika mwendo:

*Kwaru, kwaru, udongo rudi,*
*Mtoto wa jirani apate pa kulala.*
*Kwaru, kwaru, udongo rudi,*
*Maji ya Migungani yasimchukue.*

Di! Di! Di! Mwagia! Di! Di! Di! Mwagia tena!

Mwanamize akawa anatazama kijito kutoka kilimani. "Bado!" akaita. Wakakanyaga. "Bado! Bado ni chekundu!" Wakakanyaga. "Kinapungua!" Wakakanyaga mpaka miguu ikafa ganzi. "Kinapungua! Kinapungua!"

Na pale pembeni, Ngiri akang'oa kisiki cha mwisho. Shwaaa! Maji yakaukumbuka mfereji wao. Yakamrusha Ngiri kando, yakapita juu ya mawe yakivuma, yakazunguka kilima, yakashuka bondeni kwa njia waliyoiweka tembo. Vichaka vya kando vikalala chini. Sungura wengi waliyaona mashimo yao yakijaa maji, wakalia. Lakini wenyewe walikuwa juu, wote. Lambo likaacha kupanda. Likasimama. Likaanza kushuka, kidole kwa kidole.

Tuta halikwenda.

Nyati aliketi kitako palepale kwenye matope kama ndama. Hakuna aliyeshangilia. Walikuwa wamechoka mno. Walisikiliza tu maji yakipita mferejini, na kila mmoja akimgusa aliye karibu naye.

Mvua zilipokwisha walifanya ile kazi iliyopaswa kufanywa tangu siku nyingi. Waling'oa miti midogo iliyoota juu ya tuta, ile mikubwa wakaikata na kuing'oa mizizi, na mashimo ya mizizi wakayajaza na kuyakanyaga. Mfereji wakausafisha mpaka mawe yakaonekana. Wakapatana kwamba hakuna kuchimba ndani ya tuta, na kwamba kila mwezi mchanga ukiandama watapita wote kulitazama, juu na chini, upande wa maji na upande wa bondeni.

Mashavu na wanawe walikaa kwanza chini ya kichaka cha miiba. Joto! Kombo alilalamika mchana kutwa. Baadaye akaja Ngiri, hakutazama mtu usoni, akasema kwa haraka, "Kuna pango upande wa pili wa kilima, jua halifiki. Nimelichimba likaingia ndani kidogo. Kama hulitaki basi." Akaondoka kabla ya kushukuriwa. Lilikuwa pango zuri, ingawa kuta zimekwenda upogo. Mashavu alizinyoosha mwenyewe.

Asubuhi za kwanza hakuwa na pa kusemea habari zake. Ikawa anakwenda juu ya tuta kukipambazuka, anasimama pale, anasema na ardhi taratibu. Waliokuja kunywa maji walimpita kwa heshima. Hakuna aliyemcheka.

Siku moja Mwanamize akaja, mtoto wake akimrukaruka pembeni. Wakaketi, wakiacha nafasi kidogo katikati kama walivyozoea. Maji yalikuwa matulivu.

"Mashavu," akasema Mwanamize, "nina jambo. Siku ile ya baraza, mimi nilikuwa nakijua kijito. Nilikiona kwa macho yangu. Nilinyamaza."

"Najua. Nilikuona ulivyoinama."

"Nilikuonea huruma. Ulikuwa umesimama peke yako."

"Nami nilikuwa nakuomba moyoni useme," akasema Mashavu, "maana mwenyewe nilishindwa. Na ungesema, ningekuchukia." Akacheka kidogo, cheko lenye machozi ndani yake. "Siku nyingine usinionee huruma namna hiyo."

"Utanisimamishia miiba."

"Nitakusimamishia. Nitakutukana na kukufukuza kwangu. Wewe sema tu, shoga yangu. Sema, ukae mlangoni usiondoke, mpaka nimalize kukasirika."

Mwanamize akatazama ile nafasi iliyokuwa katikati yao. Akasogea. Mashavu akaona, akailaza miiba ya upande ule, yote. Mwanamize akasogea tena, mpaka ubavu wake mwororo ukagusa ubavu wa shoga yake, na hakuna mwiba hata mmoja uliomchoma.

Basi wanangu, na wakubwa pia msijifanye hamsikii: kitu cha wote kikianza kuharibika, kisemwe kingali kidogo, hata kama kusema kutamuumiza umpendaye. Na ukiambiwa wewe ubovu ulio kwako, sikiliza kwanza, hasira itafuata baadaye. Na wale wazee waliotuachia kitu kizuri hawakutuachia tukitumie tu, walituachia na kazi ya kukitazama.

Hadithi yangu imefika hapo, imeketi, haitaki kuinuka tena. Nami nimeiacha ipumzike. Laleni salama.